Kikapu cha Mayai na Gunia la Mahindi

Zipo starehe ambazo binadamu huona haya kuzitaja, na mojawapo ni ile ya kusafiri bila kutikiswa. Mtu akisema gari lake lina nguvu, husikilizwa. Akisema linabeba tani moja mlimani, huheshimiwa. Lakini akisema gari limemuumiza mgongo, huambiwa amedekezwa. Katika kurasa hizi chache nataka kumtetea mtu huyo, na ushahidi wangu nitauchukua katika historia.

Gurudumu la kale halikuwa na huruma. Lilikuwa la mbao, limevishwa pete ya chuma, na kila jiwe lililokanyagwa lilipanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa abiria. Mwaka 1804 fundi wa magari ya farasi wa mjini London, Obadiah Elliott, alisajili uvumbuzi wa kuliegemeza gari juu ya springi za mabamba ya chuma yaliyopindwa mfano wa upinde. Mwaka 1888 daktari wa mifugo mjini Belfast, John Boyd Dunlop, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Angalia, ndugu msomaji, kwamba watu hawa wawili hawakuanza kwa kutafuta mwendo wa kasi. Walitafuta nafuu ya mwili. Kasi ilikuja baadaye, kwa sababu chombo kisichomtesa mtu ndicho kinachoweza kukimbizwa.

Sasa natukutane na mwaka 1948, maana katika mwaka huo huo yalizaliwa magari mawili ya mkulima, kila moja na imani yake.

La kwanza ni Land Rover, iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alikuwa akitumia jipu lililobaki baada ya vita. Alitaka gari la Kiingereza la kufanya kazi hiyo. Akalipa springi za mabamba mbele na nyuma. Springi ya namna hiyo ni mtumishi wa kazi nyingi. Hubeba uzito, huishika ekseli isihame mahali pake, na mabamba yake yakisuguana hupunguza mruko. Bamba moja likikatika, safari huweza kuendelea, na fundi wa kijijini mwenye nyundo na moto aweza kutengeneza jingine. Kasoro yake ni ugumu.

La pili ni Citroën 2CV, iliyoonyeshwa Paris mwezi Oktoba. Mkuu wa kampuni, Pierre-Jules Boulanger, alikuwa ameagiza tangu kabla ya vita gari la kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Akaongeza sharti lililobaki maarufu, kwamba gari hilo livuke shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai, na mayai yasivunjike. Mafundi wake waliunganisha gurudumu la mbele na la nyuma la kila upande kwa springi zilizolazwa chini ya gari, hata la mbele likipanda tuta, la nyuma lipate habari mapema. Gari lilikuwa dhaifu wa injini, bati lake jembamba, lakini lilipita juu ya mashimo kama mtumbwi juu ya mawimbi madogo. Liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990.

Basi moja liliulizwa: utabeba gunia ngapi? Jingine liliulizwa: mayai yatafika salama? Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki lilikuja zaidi lile la kwanza. Liliwabeba mabwana shauri, askari polisi, mapadri, waganga na mabwana shamba. Wengi wetu tumelijua kutoka nyuma, kwenye yale mabenchi ya pembeni, magoti yakigusana na ya jirani, mkono mmoja ukishika bomba la turubali. Sikatai kwamba lilistahili heshima. Lilifika mahali ambapo hapakuwa na barabara. Lakini lilituachia pia imani moja, kwamba gari la porini lazima liwe gumu, na kwamba ulaini ni wa mjini tu.

Imani hiyo ilipingwa hapa hapa kwetu. Mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa mtihani usiokuwa na upendeleo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, gari la familia lenye springi za koili mbele na nyuma. Gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena mwaka 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland. Katika matope na mawe yale, lililodumu ni gari ambalo magurudumu yake yalikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, huku bodi ikibaki imetulia.

Siri ni kwamba gurudumu lenye springi laini hulifuata shimo na kutoka nalo. Lenye springi ngumu huruka hewani, na gurudumu lililo hewani halisukumi, halikati kona, wala halifungi breki. Wenyewe wa Land Rover waliukubali ukweli huo. Range Rover ya mwaka 1970 ilitoka na springi ndefu za koili, na mwaka 1983 Land Rover ya kazi, ile ya 110, ikavua springi za mabamba na kuvaa koili mbele na nyuma.

Lakini je, kwa nini magari mengi ya kazi yamebaki magumu? Jibu ni hesabu ya uzito. Springi hupimwa kwa mzigo itakaoubeba. Iliyotengenezwa kwa tani moja, ukiipa watu watatu, haitikisiki, hurusha. Mhandisi Maurice Olley, aliyefanya uchunguzi wake Marekani katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba mwili hupendezwa na mwendo wa polepole wa bodi, karibu na ule wa mtu anayetembea, na kwamba springi za mbele zapaswa kuwa laini kuliko za nyuma, ili gari lisinyanyue kichwa na mkia kwa zamu.

Hapa ndipo ninapoumia. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo hospitali nyingi za mashambani huzitegemea, zilipata koili za mbele mwaka 1999, lakini nyuma zimebaki na mabamba ya kubebea mzigo mzito. Na nyuma ndiko alalako mgonjwa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, au kijana aliyevunjika paja, si gunia la mahindi. Uzito wake ni mdogo kwa springi ile, kwa hiyo kila tuta analilipia yeye. Dereva mwenye huruma hupunguza mwendo. Na njia inapokuwa ndefu, huruma hiyo nayo hula muda wa kuokoa maisha. Kwa hiyo ulaini wa gari si anasa. Katika safari nyingine ni sehemu ya tiba.

Nisije nikaonekana nahubiri tu, niseme pia la kufanya kwa mwenye gari anayetaka nafuu. Asikimbilie kununua springi. Aanze na upepo wa matairi, maana tairi lililojazwa kupita kiasi ni springi ngumu ya bure. Kisha atazame bushi. Raba iliyokufa hupitisha kila kishindo hadi kwenye kiti. Kisha shokapu. Kazi ya shokapu si kubeba gari, bali ni kuituliza springi isiendelee kucheza. Iliyochoka humwacha abiria akielea hadi atapike, na iliyo kali mno humpiga kama ubao. Mwisho ndipo afikie springi, naye ajiulize kwa ukweli: gari hili hubeba nini siku nyingi za mwaka? Kama ni watu, fundi asimwongezee bamba kwa ajili ya mzigo wa siku moja ya mavuno. Na kama ni mzigo kila siku, asitamani koili laini, maana bodi itakaa juu ya vizuizi vyake na ugumu utarudi kwa mlango mwingine.

Swali la Boulanger, basi, lina maana kuliko gari lake. Kila anayepanga barabara, basi au gari la wagonjwa hujiuliza atapakia kiasi gani. Wachache huuliza waliopakiwa watafikaje. Gunia la mahindi huvumilia yote mawili. Mayai na binadamu hawavumilii, nao binadamu wana shida moja zaidi: kwa kuwa hawavunjiki papo hapo, hudhaniwa kwamba hawakuumia.