Mwanzilishi Asiyetajwa Jina

Mwanzoni mwa mwaka 1631, katika chumba cha monasteri ya Waklara mjini Munich, mwanamke mgonjwa alikuwa akiandika barua kwa maji ya limau. Wenzake waliokuwa nje walimletea vitu vidogo vidogo. Naye aliwarudishia karatasi zilizofungia vitu hivyo, zikionekana tupu kabisa. Walipozisogeza karibu na moto, maneno yalijitokeza yakiwa na rangi ya kahawia. Mwanamke huyo aliitwa Mary Ward, Mwingereza wa miaka 46. Waliomfunga hawakuwa Waprotestanti waliokuwa wakiwawinda Wakatoliki kwao Uingereza, bali wakuu wa Kanisa lake mwenyewe. Tuhuma ilikuwa uzushi.

Ukiichunguza tuhuma hiyo, utakuta nyuma yake hakuna fundisho geni juu ya Mungu. Kuna shule za wasichana, na wanawake waliozifundisha huku wakitembea barabarani kama watu wengine.

Ili kuelewa kwa nini hilo lilikuwa zito, inabidi turudi nyuma. Tangu mwaka 1298, Papa Bonifasi VIII alikuwa ameagiza watawa wa kike waishi ndani ya ugo, wasitoke wala wasitembelewe ovyo. Mtaguso wa Trento ulilikazia jambo hilo mwaka 1563, na miaka 3 baadaye Papa Pio V akalifanya sharti kwa watawa wote wa kike. Watu wa zama zile walilifupisha kwa msemo: mwanamke ni wa mume au wa ukuta. Wanaume nao walikuwa wamepata njia mpya. Wajesuiti hawakuwa na ugo. Walisafiri, walifundisha, walihubiri, na kila mwenyeji alifahamu kwamba hiyo ndiyo kazi yao.

Mary Ward alizaliwa Yorkshire mwaka 1585, katika familia iliyolipa gharama ya kubaki Katoliki. Bibi yake mzaa mama aliwahi kufungwa jela miaka mingi kwa ajili ya imani. Wajomba zake wawili, John na Christopher Wright, waliingia katika njama ya kulipua Bunge mwaka 1605 na wakauawa. Mwaka uliofuata Mary alivuka bahari hadi Saint-Omer, akajiunga na Waklara. Alipewa kazi ya kuzunguka akiomba chakula kwa niaba ya monasteri. Hakudumu hapo. Mwaka 1609 alikusanya wenzake wachache, wakaanza kufundisha wasichana: dini, kusoma, kuandika, lugha, Kilatini, kazi za mikono. Mwaka 1611 aliamini ameambiwa na Mungu achukue mtindo uleule wa Wajesuiti. Kwake maana yake ilikuwa wazi: hakuna ugo, hakuna vazi la pekee la kitawa, na mkuu wa shirika ni mwanamke anayewajibika moja kwa moja kwa Papa, si kwa askofu wa kila mahali.

Wengi walicheka. Wengine waliwaita Wajesuiti wa kike, kwa kejeli. Kasisi mmoja alisema bidii yao ni ya mwanzo tu, itapoa, kwa kuwa hatimaye wao ni wanawake. Mary alilijibu neno hilo mbele ya wenzake mwaka 1617. Aliwaambia kwamba bidii ikipoa, itapoa kwa sababu mtu si mkamilifu, si kwa sababu ni mwanamke. Na kwamba siku zijazo zitaona wanawake wakifanya mambo makubwa. Haikuwa hotuba ya kudai haki kama tunavyoijua leo. Alikuwa mwalimu akiwazuia wenzake wasiamini walichoambiwa juu yao wenyewe.

Mwaka 1621 aliamua kwenda kuomba kibali kwa Papa mwenyewe. Yeye na wenzake walivuka Ulaya kwa miguu, katikati ya vita na baridi, wakaingia Roma mkesha wa Krismasi. Walifungua shule palepale mjini, ili wakuu waone kazi kwa macho yao. Wakuu waliona, na mwaka 1625 wakaamuru ifungwe. Kaskazini lakini shule ziliongezeka: Munich, Vienna, Pressburg. Kisha, Januari 1631, Papa Urbano VIII alitoa hati ya kulifuta shirika zima, kwa maneno makali kuliko yaliyohitajika. Mwezi uliofuata Mary alikamatwa.

Akiwa kifungoni homa ilimzidi, akaomba sakramenti za wagonjwa mahututi. Aliambiwa atie sahihi kwanza tamko la kutubu lolote alilosema kinyume cha Kanisa. Alikataa, maana kutia sahihi kungekuwa kukiri uzushi ambao hakuufanya, na kuwapaka tope wenzake wote. Kwa mwamini wa karne ile, kufa bila sakramenti hizo halikuwa jambo dogo. Hata hivyo hakuliasi Kanisa: alitii hati, akawaagiza wenzake watii. Alipona, akaachiliwa, akaenda Roma, na Papa yuleyule akakubali kwamba hakuwa mzushi. Shirika lakini lilibaki limefutwa. Alifariki karibu na York mwaka 1645, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Jiwe la kaburi lake linamtaja kama mtu aliyewapenda maskini; halisemi aliwahi kuanzisha chochote.

Hapa ndipo historia hii inapokuwa ngumu. Baadhi ya wanawake wake waliendelea kufundisha kimyakimya huko Bavaria, na mwaka 1686 wakafungua nyumba York, Bar Convent, ambayo ipo hadi leo. Walipotafuta kutambuliwa na Roma, bei ilikuwa jina lake. Mwaka 1749 Papa Benedikto XIV alikubali wawe na mkuu wao, lakini akakataza Mary Ward asiitwe mwanzilishi. Wakakubali. Unaweza kuwalaumu. Lakini wangemng'ang'ania, shule zingefungwa mara ya pili, na wasichana waliokuwa darasani wasingesoma. Walichagua kazi yake badala ya jina lake, na kwa zaidi ya karne moja na nusu watoto walilelewa ndani ya wazo la mtu ambaye hakupewa heshima ya kuwa chanzo chake.

Mmoja wa wanafunzi wa York alikuwa Frances Ball wa Dublin. Alirudi Ireland kuanzisha tawi lililoitwa Loreto, ambalo mwaka 1841 lilipeleka masista Calcutta na mwaka 1921 likafika Kenya. Mkoloni alikuwa amepanga elimu kwa rangi, na masista nao walifundisha ndani ya mpango huo: walianza Nairobi na watoto wa Kizungu. Shule yao ya wasichana Waafrika, Limuru, ilifunguliwa mwaka 1936. Waliotoka katika historia ya kuukataa ukuta mmoja walikuwa wamekubali kufanya kazi chini ya mwingine.

Hata hivyo Limuru ndipo Wangari Maathai aliposoma sekondari hadi mwaka 1959, akavutwa na sayansi, kisha akaenda Marekani kusomea biolojia.

Roma ilimrudishia Mary Ward jina la mwanzilishi mwaka 1909. Mwaka 2004 tawi moja la shirika lake hatimaye lilichukua jina alilolitamani, la Yesu, kama Wajesuiti. Mwaka huohuo msichana wa Limuru alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel.