Herufi Nzito kwa Kupiga Mara Mbili

Katika maabara za Bell, Murray Hill, Marekani, Joe Ossanna aliandika programu mbili za kupanga maandishi, zilizoweza kusoma faili lilelile. Troff, ya mwaka 1973, ilipeleka kurasa kwenye mashine ya kupanga chapa kwa mwanga. Nroff ilihudumia teletaipu, mashine ya kuchapa ambayo herufi zake zote zilikuwa na upana mmoja.

Teletaipu haikuwa na herufi nzito. Basi nroff iliiamuru ipige herufi, irudi nyuma nafasi moja, kisha iipige tena palepale, wino ukakolea. Kupigia mstari kulifanywa vivyo hivyo: kistari cha chini, kurudi nyuma, herufi. Teletype Model 37 iliweza hata kusogeza karatasi nusu mstari, juu au chini, hivyo vipeo vya hesabu vikakaa mahali pake. Ni ufundi wa kustaajabisha kwa chombo kilichojua kugonga tu.

Lakini kwenye skrini, herufi ya pili ilifuta ya kwanza. Programu kama ul na less zikafundishwa kuitambua alama ya kurudi nyuma na kuigeuza kuwa mng'ao au mstari.

Ossanna alifariki mwaka 1977. Kurasa za mwongozo wa mfumo endeshi wa Unix bado huandikwa kwa amri zinazotokana na kazi yake.