Mantiki, Hatimiliki na Mwanamke: Mfano wa Mashamba ya Naitiri

Katika *Words of Power* (1990), mwanafalsafa Andrea Nye aliisoma historia ya mantiki, tangu Wayunani hadi Frege, kama historia ya lugha ya wanaume wenye mamlaka. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, historia ya ardhi huko Naitiri, Bungoma, inaelekeza kwenye hitimisho tofauti.

Naitiri imo katika nyanda za walowezi zilizogawiwa wakulima Waafrika katika miaka ya 1960. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilimfanya aliyeandikwa kuwa mmiliki kamili, na kwa kawaida aliyeandikwa alikuwa mume. Hapo ndipo ilipopata nguvu hoja hii: aliyeandikwa ana haki ya shamba, mke hakuandikwa, kwa hiyo mke hana haki. Hoja hiyo ina sura ya mantiki tu. Kusema kwamba kila mbuzi ana miguu minne si kusema kwamba asiye mbuzi hana miguu minne. Isitoshe, kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo hakikumwondolea mmiliki wajibu wake akiwa mdhamini wa wengine.

Kosa la pili limejificha zaidi. Mwaka 1854 George Boole alieleza kwamba kila mazungumzo yana mipaka ya vitu vinavyozungumziwa. Maana ya "kila mtu", basi, hutegemea ni nani waliohesabiwa ndani ya mipaka hiyo. Katiba ya Kenya ilipokataza ubaguzi ilitaja kabila, rangi na imani. Jinsia iliongezwa mwaka 1997, na hata hapo ndoa na urithi vilibaki nje ya katazo hilo hadi Katiba ya 2010. Aidha, Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliwagawia watoto sawasawa, lakini ilimpokonya mjane wa kike haki ya kutumia mali aolewapo tena. Mjane wa kiume hakuwekewa sharti hilo.

Katika Kiswahili, neno "mtu" halibagui mume na mke, wala ngeli yake haibagui. Kutengwa kwa mwanamke, basi, hakumo katika sarufi wala katika kanuni za mantiki, bali katika mipaka iliyowekwa kabla hoja haijaanza. Mhakiki anayeitupa mantiki kwa kuwa ni mali ya wanaume humnyang'anya mjane wa Naitiri chombo cha kuthibitisha kwamba hoja iliyomnyima shamba ni batili.