Tunduma Haina Jengo la Kale

Nina picha moja tu ya Tunduma ya zamani, na Tunduma yenyewe haimo. Ni picha ya shangazi yangu, kapigwa studio miaka ya themanini, kasimama mbele ya pazia lililochorwa minazi na bahari. Minazi! Kutoka Tunduma hadi baharini ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Nje ya mlango wa studio ile kulikuwa na malori, vumbi, na akina mama waliotoka Nakonde na mabeseni kichwani. Yote hayo hayamo. Shangazi alilipia bahari, akapewa bahari.

Simlaumu. Lakini picha hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuzunguka Majengo, Kaloleni na Sogea na kamera, napiga vibaraza, fremu za maduka, milango ya mabati, vibao vilivyoandikwa kwa mkono. Na karibu kila mtaa naulizwa swali lile lile: "Sasa unapiga nini hapo? Mbona hakuna kitu?"

Kisheria, anayeuliza yuko sahihi kabisa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu jengo kuwa la kale likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo husubiri waziri alitangaze. Kwa Kilwa au Bagamoyo kipimo hicho kina maana. Kwa Tunduma, ni kama kutuambia hatukuwepo. Mkoa mzima wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unajulikana kwa urithi mmoja: Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani 12 hivi, urefu wa mita 3. Kinalindwa, kina kibao, watoto wa shule wanapelekwa kukiona. Sina ugomvi nacho. Ila inachekesha kidogo kwamba kitu chetu maarufu kuliko vyote kilidondoka kutoka angani, hakuna mtu wa hapa aliyekitengeneza.

Wenzetu wa Zanzibar wana bahati nyingine. Capital Art Studio ilifunguliwa pale mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na picha zake za mitaa na watu zipo mpaka leo. Mji Mkongwe ulipoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulikuwa tayari umepigwa picha kwa zaidi ya miaka mia. Ukitaka kujua uchochoro fulani ulikuwaje, unaweza kuutafuta pichani. Mimi nikitaka kujua Majengo ilikuwaje, inabidi nimtafute mzee.

Na cha kujua kipo. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mgawanyo wao huku, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba barabara ya Stevenson, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wa Mwingereza. Mwaka 1898 tume yao ikaja kupima na kuweka alama. Wanyamwanga wakajikuta huku na huku, ndugu wa ukoo mmoja, serikali mbili. Mapema Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita jirani hapo Fife, likielekea Kasama, vita ikiwa imebakiza siku chache kwisha.

Ila mji huu ninaoupiga picha umekuzwa zaidi na ugomvi wa mbali. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru kule Salisbury, na haukupita muda Zambia ikakosa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini. Ikabidi yapakiwe Dar es Salaam kwenye malori, yapite njia ya vumbi na matope hadi Tunduma, yavuke. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 hadi Ndola. Barabara ikawekwa lami. Agosti 1973 reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikafika mpakani. Kila kimoja kilileta watu, na watu wakataka pa kulala, pa kula na pa kuuzia.

Hapo ndipo ugumu wa kazi yangu. Vitu vikubwa vya historia hiyo ndivyo hasa usivyoweza kuelekezea kamera ovyo. Tangu mwaka 1970 tuna Sheria ya Usalama wa Taifa inayokataza kupiga picha maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi. Siku moja niliinua kamera upande wa geti, kijana aliyekuwa anabadili kwacha akaninong'oneza, "Kaka, weka chini hiyo, usijitafutie." Nikaweka. Bomba na reli vina wa kuvilinda, tena vina mafaili na ramani. Vibaraza havina hata faili.

Nikarudi Majengo. Kuna nyumba pale ya tofali za kuchoma, bati lina kutu, mbele kuna fremu tatu: saluni, miamala ya simu, na moja imefungwa. Ukutani pamechorwa X nyekundu. Mwenye nyumba nilimkuta kakaa barazani.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuipiga picha nyumba yako."

"Marahaba. Ya nini? Unataka kununua? Umechelewa, si unaona X?"

Nikamweleza. Akacheka, kisha akanyanyuka na fimbo yake akaanza kunionyesha. Nyumba aliijenga baba yake kabla reli haijafika. Ile fremu iliyofungwa ilikuwa stoo ya mahindi. Kwenye baraza hili madereva wa Zambia walikuwa wanalala, wamejifunika turubai, mama yake akiwapikia uji alfajiri. Shimo lile kwenye nguzo ni la ndoano waliyokuwa wakining'iniza karabai. Nilikuwa nimeipita nyumba ile labda mara mia. Kumbe ilikuwa gesti kabla Tunduma haijajaa magesti.

Nilipiga picha 14 siku ile, na hakuna hata moja nzuri. Jua lilikuwa kali, bodaboda anapita katikati. Lakini nguzo ipo, na shimo lipo.

Nilipompelekea nakala, mzee aliigeuza nyuma, akakuta pako patupu. Akanirudishia. "Andika," akasema. "Picha bila jina ni karatasi." Nikaandika mbele yake: mtaa, tarehe, jina la baba yake, kazi ya kila fremu. Tangu siku hiyo sipigi picha ya nyumba bila kuuliza nani alijenga na palikuwa na nini kabla.

Msomaji, kama una picha yoyote ya mitaa ya Tunduma, Vwawa au Mlowo, hata ya harusi ambayo duka linaonekana nyuma ya bibi harusi, usiitupe. Mtafute mwenye umri, mkae barazani, muigeuze, muandike. Mara ya mwisho nilipopita Majengo, X ilikuwa bado ipo, na nyumba pia.