Akiba ya Mfanyakazi

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi utapita Mackinnon Road, mji mdogo wa kaunti ya Kwale ulio kando ya reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, nao waliahidiwa chakula, matibabu na nauli ya kurudi kwao. Karibu 2,500 walikufa. Mkataba ulipokwisha, ahadi nayo ilikwisha. Uzee ulikuwa mzigo wa mtu mwenyewe.

Baada ya uhuru, sheria iliingia kati. Mwaka 1965 Kenya iliunda hazina ya akiba ya uzeeni, na mwaka 1966 bima ya hospitali. Lakini akiba ilifikia shilingi 200 tu kwa kila upande, ikakaa hapo, ilhali bei zilipanda. Kwa hiyo sheria ya mwaka 2013, iliyopingwa mahakamani hata ikaanza kutekelezwa mwaka 2023, ilidai asilimia 6 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi, na kiasi hicho hicho kutoka kwa mwajiri, hadi kikomo kilichowekwa. Tangu Oktoba 2024, bima mpya ya afya hukata asilimia 2.75 ya mshahara. Mwajiri sharti aiwasilishe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Fedha iliyokatwa isipowasilishwa si akiba. Ni hasara inayongojea siku ya ugonjwa. Basi utakapoajiriwa, soma hati ya mshahara wako, kisha uhakikishe kwamba fedha imefika. Akiba haiozi, lakini sharti iwekwe kwanza.