Celestina Bottego na masista watatu wa Kamenge

Wamisionari wa Maria, ambao wengi huwaita masista Wasaveri, ni shirika la watawa wa Kikatoliki lililoanzishwa mjini Parma, Italia, mwezi Julai 1945. Mjini Bujumbura jina lao limefungamana na mtaa wa Kamenge, upande wa kaskazini, ambako masista wao watatu waliuawa Septemba 2014.

Mwanzilishi wake, Celestina Healy Bottego, alizaliwa Desemba 1895 huko Glendale, jimbo la Ohio, Marekani. Baba yake alikuwa Mwitalia. Mama yake, Mary Healy, alikuwa Mkatoliki wa asili ya Ayalandi. Utoto wake aliupitia Butte, Montana, mji wa migodi ya shaba uliojaa wahamiaji wa Kiayalandi, na Kiingereza cha upande wa mama ndicho kilichokuja kumpa riziki: baada ya kuhamia Parma mwaka 1910 akiwa msichana, alisomea ualimu wa lugha hiyo, akaifundisha shuleni na baadaye kwa vijana waliojiandaa kuwa wamisionari Wasaveri. Afrika haikuwa jina geni nyumbani kwao, kwani ami yake, Vittorio Bottego, alikuwa mvumbuzi aliyeufuata mto Juba na kuuawa Ethiopia mwaka 1897.

Padri Giacomo Spagnolo alipomwomba aanzishe tawi la wanawake, Celestina alisita. Alikuwa mwalimu mlei, anakaribia miaka 50, na hakujiona anafaa. Hatimaye alikubali. Alifariki Agosti 1980, na mwaka 2013 Papa Fransisko aliidhinisha aitwe Mheshimiwa, hatua inayotangulia ile ya mwenyeheri.

Mwaka mmoja tu baadaye, shirika lake likapata msiba. Jumapili, tarehe 7 Septemba 2014, Sista Olga Raschietti na Sista Lucia Pulici waliuawa mchana ndani ya nyumba yao ya parokia Kamenge. Sista Bernadetta Boggian alikuwa miongoni mwa waliogundua miili yao. Usiku uleule naye akauawa, katika nyumba ileile, na jambo hilo ndilo lililowashangaza watu kuliko yote. Wote walikuwa Waitalia waliovuka umri wa miaka 70. Lucia alikuwa mkunga, aliyezalisha akina mama Brazil na Kongo kabla ya kuja Burundi. Olga alifundisha katekisimu.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Kanisa nchini kumlilia mgeni: Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa na mzaliwa wa Ayalandi, alipigwa risasi karibu na Minago tarehe 29 Desemba 2003.

Polisi walitangaza kumkamata mtu mmoja siku chache baada ya mauaji ya Kamenge, lakini maelezo yao hayakuwaridhisha wengi. Januari 2015 mkurugenzi wa redio RPA alitiwa mbaroni baada ya kituo chake kurusha ushuhuda wa mtu aliyedai kushiriki. Aliachiliwa kwa dhamana Februari, na umati mkubwa ukajitokeza barabarani kumpokea.

Miili ya masista haikurudishwa Italia. Baada ya misa ya Bujumbura ilivushwa mpaka na kuzikwa Bukavu, katika Kivu, kwa kuwa wote watatu walikuwa wametumikia miaka mingi Kongo kabla ya kuhamia Kamenge.