Baiskeli Iliyolala na Ng'ombe

Kwetu Mgori, nyumba ya asili ya Wanyaturu ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa juu ya nguzo nene, giza ndani. Ilijengwa kuwalinda ng'ombe dhidi ya fisi na wezi, nao walilala humo humo. Baiskeli ilipokuja ikapewa ulinzi uleule.

Baba alikuwa na Phoenix ya Kichina. Jioni aliinyanyua juu ya kizingiti, akaifunga mnyororo kwenye nguzo iliyo karibu na kitanda chake, akaing'oa pampu na kulala nayo. Hakuwa mchoyo. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 maduka yalikauka. Tairi likiibwa, utalipata wapi? Na baiskeli hiyo ndiyo iliyobeba asali ya msituni, alizeti, hata wagonjwa.

Adui mwingine alikuwa mkojo wa ng'ombe, unaotafuna chuma. Kwa hiyo baba aliweka magurudumu juu ya gogo, na rimu akazipangusa kwa kitambaa chenye mafuta.

Siku hizi nyumba ni za bati na madirisha ya nondo, na sebuleni inalala pikipiki.